Ndiyo, Siyo, na Ukimya: Jinsi ya Kulinganisha Kura za Wabunge Kuhusu Chombo cha Kupambana na Rushwa

Hakuna mgombea anayepanda jukwaani Tandahimba au Kilwa Masoko akasema anaipenda rushwa. Wote wanaipinga, na wote hupigiwa makofi. Kwa hiyo ahadi ya jukwaani haimsaidii mpiga kura kumtofautisha mtu na mtu. Kinachomsaidia ni kumbukumbu: siku chombo cha kupambana na rushwa kilipofikishwa bungeni ili kiundwe, kiongezewe nguvu au kipunguziwe, huyu alifanya nini na yule alifanya nini?

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye simu, daftari na subira. Nimeuandika nikiwafikiria wenzangu wa Mtwara na Lindi: katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima), mwalimu wa uraia, mama wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), kijana anayefuatilia siasa kijiweni. Sisi ambao fedha zetu za korosho hupita mikononi mwa wengi kabla ya kutufikia tuna sababu ya kulijua jambo hili kwa undani, tusisimuliwe tu na wapambe.

Anza na swali, si na mtu

Wengi huanza na mbunge wanayemchukia au kumpenda, kisha wanatafuta ushahidi wa kumpaka matope au kumsafisha. Kazi ya namna hiyo haina faida. Andika kwanza swali moja juu ya ukurasa, kwa sentensi inayojibika, kwa mfano: "Je, mbunge huyu aliunga mkono kuwepo kwa chombo huru, chenye uwezo wa kuchunguza na kushtaki wala rushwa?"

Kisha livunje swali hilo mara nne. Je, aliunga mkono kiundwe? Aliunga mkono kiwe huru, yaani nani amteue mkuu wake na nani aweze kumwondoa? Aliunga mkono kipewe uwezo wa kisheria? Na aliunga mkono kipewe fedha? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na siyo kwa matatu yaliyobaki. Ndivyo chombo kinavyozaliwa bila meno.

Hapa kwetu Tanzania, jua historia fupi ili usitafute kura mahali isipokuwepo. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971. Kikosi cha Kuzuia Rushwa kikaanza 1975, kikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa (TAKURU) mwaka 1991. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ikatoa taarifa yake kuhusu kero ya rushwa nchini. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) tunayoifahamu leo imetokana na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Namba 11 ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 1 mwaka huo. Katiba ya 1977 haiitaji taasisi hiyo kwa jina. Msingi wake ni sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida hubadilishwa kwa wingi wa kawaida wa kura. Kwa Zanzibar ni habari nyingine: Baraza la Wawakilishi lilitunga sheria yake mwaka 2012 iliyounda ZAECA, mamlaka ya huko ya kupambana na rushwa, kwa hiyo usichanganye majina ya wajumbe wa Baraza hilo na ya wabunge.

Ukirudi hadi 2007, angalia pia ramani ya majimbo. Ulikuwa wakati wa Bunge la Tisa, na majimbo ya Ndanda na Nanyamba yalikuwa bado hayajaanzishwa, yalikuja 2015. Mkazi wa Ndanda amtafute mbunge wa jimbo lililokuwa na kata yake wakati ule.

Jua kura ilipigwaje

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Miswada mingi bungeni Dodoma huamuliwa kwa sauti. Kiti, yaani anayeongoza kikao, kinahoji: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti zinasikika, kisha Kiti kinasema, "Nafikiri walioafiki wameshinda." Katika Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, utakachokuta ni mistari miwili ndani ya mabano:

(Hoja ilitolewa iamuliwe)
(Hoja iliamuliwa na kuafikiwa)

Basi. Hakuna jina hata moja. Kwa uamuzi wa aina hiyo huna haki ya kuandika kwamba mbunge fulani alipiga kura ya ndiyo au ya hapana. Unaweza kuandika alichangia au hakuchangia, alisema nini, na kama alileta marekebisho.

Kura yenye majina ipo, lakini ni ya nadra. Inayojulikana zaidi ni ya Bajeti Kuu ya Serikali kila Juni: Katibu anaita jina moja moja, mbunge anajibu, na Hansard inahifadhi majibu hayo. Kwa mujibu wa Ibara ya 98, mabadiliko ya Katiba nayo yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, kwa hiyo lazima kura zihesabiwe.

Chukua mfano wetu wenyewe. Kabla ya 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kuendeleza zao, na asilimia 35 ilikwenda Hazina. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaelekeza ushuru wote Mfuko Mkuu wa Hazina. Juni ya mwaka ule wabunge kadhaa wa mikoa ya korosho walisimama wakapinga waziwazi, na maneno yao yamo kwenye Hansard. Sasa mtu akichukua orodha ya kura ya majina ya bajeti ya mwezi ule na kusema, "Hawa ndio waliopiga kura kuchukua ushuru wa korosho," amekosea. Kura ya majina ilihusu bajeti nzima. Kifungu cha korosho kilikuwa ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao ni hoja tofauti yenye uamuzi wake. Kila unapoona orodha ya majina, jiulize waliulizwa swali gani hasa siku hiyo.

Kuipata Hansard na kuisoma

Tovuti ya Bunge ina Hansard za miaka mingi kwa faili za PDF, zikiwa zimepangwa kwa mkutano, kikao na tarehe. Faili moja linaweza kuwa na mamia ya kurasa, kwa hiyo pakua ukiwa mahali penye mtandao wa uhakika kisha usome bila bando. Usipoipata, liandikie Bunge barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka taasisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Taja tarehe ya kikao na jina la muswada; ukiomba "kila kitu kuhusu rushwa" utazungushwa.

Muswada husomwa mara ya kwanza bila mjadala, unapelekwa kwenye kamati, unarudi kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, unaingia Kamati ya Bunge Zima ambako hupitiwa ibara kwa ibara, kisha unasomwa mara ya tatu. Wewe unahitaji zaidi kusomwa mara ya pili na Kamati ya Bunge Zima. Vikao hivyo vinaweza kuangukia siku tofauti, kwa hiyo usifunge faili la siku ya kwanza ukadhani umemaliza.

Ukifungua faili, ruka maswali na majibu ya asubuhi, nenda kwenye hoja za Serikali. Tafuta jina la jimbo au la mbunge kwa kitufe cha kutafuta. Jaribu tahajia zaidi ya moja, maana jina moja linaweza kuandikwa kwa namna mbili katika faili lilelile. Usisahau michango kwa maandishi: mbunge ambaye hakupata nafasi ya kusimama anaweza kuwa na ukurasa mzima chini huko. Na usisahau wabunge wa viti maalum wa Mtwara na Lindi. Watu huwaacha kwa sababu hawana jimbo, wakati nao wana sauti na kura sawa na wengine.

Kuhusu kusoma mchango wenyewe: karibu kila mzungumzaji wa chama kinachotawala hufungua au kufunga kwa "naunga mkono hoja", wengine "kwa asilimia mia moja". Maneno hayo ni heshima ya ukumbini, yasikupe hitimisho. Tafuta kilichosemwa katikati, baada ya "lakini", "hata hivyo" au "naiomba Serikali". Mara nyingi hoja yenye uzito huja mwishoni, muda unapoyoyoma, jirani kabisa na mstari usemao "Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji". Alama ya "(Makofi)" usiihesabu popote.

Kamati ya Bunge Zima ndipo penye ukweli

Ningekuwa na saa moja tu ya kusoma, ningeitumia hapa. Kwenye mjadala wa jumla mtu huzungumzia rushwa kwa ujumla: jinsi inavyodhalilisha wanyonge, jinsi inavyopindisha haki. Kwenye Kamati ya Bunge Zima anapaswa kusema neno gani litoke na neno gani liingie. Mbunge anayetaka kubadili kifungu huleta jedwali la marekebisho. Waziri au Mwanasheria Mkuu anajibu. Mtoa marekebisho anakubali kuyaondoa, au anayang'ang'ania mpaka Kiti kihoji. Kisha Hansard inaandika kwamba ibara ilipitishwa "bila mabadiliko yoyote" au "pamoja na marekebisho yake".

Kabla hujasoma sehemu hiyo, soma muswada wenyewe, ukitafuta mambo machache: mkuu wa chombo anateuliwa na nani, anaondolewaje, nani anaruhusu kesi iende mahakamani, taarifa ya mwaka inakwenda kwa nani, na fedha zinatoka wapi. Katika sheria yetu ya 2007, Mkurugenzi Mkuu anateuliwa na Rais, na makosa mengi chini ya sheria hiyo hayafikishwi mahakamani bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Hivyo basi, aliyezungumza kuhusu uteuzi au kibali alikuwa anagusa moyo wa jambo, awe alikuwa anatetea au anapinga. Aliyezungumza kuhusu kichwa cha habari cha sheria na koma zake, mshukuru, lakini usimpe uzito uleule.

Chora jedwali

Tumia daftari kubwa au programu ya majedwali kwenye simu. Mstari mmoja kwa kila mbunge kwa kila uamuzi, wala usibane maamuzi mawili kwenye mstari mmoja. Nguzo zinazotosha ni jina na jimbo, tarehe, swali lililoamuliwa, aina ya kura, alichofanya, na ukurasa wa Hansard. Mstari mmoja, wa kubuni, ungeonekana hivi:

Mbunge A / swali: kibali cha mashtaka kiondolewe au kibaki / kura ya sauti / alileta marekebisho kukiondoa, akayaondoa mwenyewe baada ya maelezo ya Serikali / uk. wa Hansard.

Ona nilivyoandika "akayaondoa mwenyewe". Ukiandika "alitaka kibali kiondolewe" na kuishia hapo, umempa sifa asiyostahili. Ukiandika "alikubali kibali kibaki" na kuishia hapo, umemnyang'anya anayostahili. Andika mwendo wote.

Nguzo ya ukurasa usiiache wazi hata mara moja. Siku utakapobishiwa, na utabishiwa, ndiyo itakayosimama upande wako. Mpe pia mwenzako mnayetofautiana siasa ajaze jedwali lake peke yake kwa wabunge walewale, kisha mlinganishe. Mahali mlipoandika tofauti, rudini kwenye Hansard pamoja.

Uzito wa kura si sawa

Nchi zenye utaratibu wa kuandika majina kwa kura nyingi zinatufundisha jinsi ya kupima, kwa sababu huko mtu hawezi kujificha ndani ya sauti za wengi.

Australia ilikaa miaka mingi bila tume ya kitaifa ya kupambana na rushwa. Novemba 25, 2021, mbunge huru Helen Haines aliomba kanuni zisimamishwe ili muswada wake wa kuunda tume ujadiliwe. Bridget Archer, mbunge wa chama tawala, akapiga kura kinyume na chama chake na kumuunga mkono. Kura zikawa 66 kwa 64, waliotaka mjadala wakazidi. Hata hivyo hoja ilianguka, maana kanuni ilidai wingi wa wabunge wote, yaani kura 76 kati ya 151, na wengi hawakuwemo ukumbini siku hiyo. Ukitazama matokeo peke yake utaandika "Bunge lilikataa". Ukitazama majina utaona nani alitaka, nani hakutaka, na nani hakuwepo. Kwa jina ilikuwa kura ya utaratibu, lakini ndiyo iliyoamua kama muswada ungejadiliwa au la, kwa hiyo usidharau kura za utaratibu.

Sheria ikapita Novemba 2022 chini ya serikali mpya, na tume ikaanza kazi Julai 1, 2023. Mwezi uleule wa kupitishwa kwake yaliletwa marekebisho ya kuondoa sharti kwamba tume isikilize mashauri hadharani pale tu penye mazingira ya kipekee. Marekebisho hayo yakaanguka. Kura ya mwisho ya kuunda tume ilikuwa rahisi kwa karibu kila mtu. Tofauti kati ya mbunge na mbunge ilionekana kwenye kura ile ya usikilizaji wa hadharani. Ndiyo maana mimi huipa kura ya kifungu kigumu uzito mkubwa kuliko kura ya mwisho.

Ukraine inatuonyesha thamani ya kulinganisha mtu na nafsi yake. Julai 22, 2025, bunge lao lilipitisha kwa kura 263 sheria iliyoiweka idara ya uchunguzi wa rushwa, NABU, na ofisi maalum ya mashtaka ya rushwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa Mashtaka. Wananchi wakajaa barabarani. Julai 31 bunge lilelile likarudisha uhuru wa vyombo hivyo kwa kura 331, bila kura hata moja ya kupinga. Wako basi waliopiga ndiyo mara zote mbili, kwa maswali mawili yanayopingana. Jedwali lenye kura ya pili peke yake lingewafanya wote watetezi wa uhuru wa taasisi.

Na Kenya inatuonya kwamba "hapana" nayo ina sababu zake. Desemba 2000 mahakama iliamua kwamba mamlaka yao ya kupambana na rushwa ilikuwa kinyume cha katiba. Agosti 2001 serikali ikaleta muswada wa kubadili katiba ili kuirudisha, ukakosa theluthi mbili. Wapinzani wengi waliukataa, na miongoni mwa malalamiko yao ulikuwa msamaha kwa makosa ya zamani uliofungamana na mpango ule. Jedwali lisilo na nafasi ya sababu lingewaandika wote kuwa walinzi wa wala rushwa, na hilo lingekuwa uongo.

Je, utoe alama kwa asilimia? Kwa kura za majina, na zikiwa nyingi, sawa. Kwa kura za sauti hapana, kwa sababu unageuza hotuba kuwa namba na kuipa usahihi ambao haina. Maneno matatu yananitosha: alitetea, alipinga, hakuna kumbukumbu. Hilo la tatu lisisomwe kama hukumu.

Asiyekuwepo, na aliyefungwa mikono

Kutokuwepo kuna sababu nyingi: ugonjwa, msiba, safari ya kiserikali. Anayeongoza kikao hapigi kura ya kawaida, ana kura ya uamuzi tu zikilingana. Kwa hiyo mtu asiwekwe kundi la waliopinga kwa siku moja aliyokosa. Ila akikosekana kila kifungu kigumu kinapofika, na siku za kawaida yumo, andika hivyo kwa tarehe zake, msomaji aamue.

Kumbuka pia kwamba mawaziri wanafungwa na uwajibikaji wa pamoja, na kwamba chini ya Ibara ya 71 mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza na ubunge. Mbunge wetu anayekwenda kinyume na chama chake anahatarisha kiti. Mlinganishe waziri na mawaziri, na wa viti vya nyuma na wenzake. Na ukikuta wa chama tawala aliyeng'ang'ania marekebisho mpaka yakahojiwa, au wa upinzani aliyesifu kifungu kizuri cha Serikali, mwekee alama ya pekee, kwa kuwa hapo unasikia msimamo wa mtu mwenyewe.

Kabla ya kutangaza

Mpelekee mbunge mstari wake kwa maandishi kupitia ofisi yake ya jimbo, ukimpa muda wa kutosha, mathalani wiki mbili. Muulize kama kuna kilichokosewa. Akijibu, weka jibu lake kando ya mstari kama lilivyo. Asipojibu, andika tarehe uliyopeleka barua na jina la ofisi iliyoipokea. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kuwa mwangalifu na lugha. Ibara ya 100 inamlinda mbunge kwa anayoyasema bungeni. Wewe mwenye jedwali haikulindi. Andika "alisema" na "alileta", usiandike "amehongwa". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo zinazosambazwa kwa simu, na jedwali lililokatwa kipande na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp linaweza kumponza hata aliyeliandaa kwa haki. Kwa hiyo sambaza ukurasa mzima, wenye tarehe, swali na kurasa za Hansard, badala ya picha ya mstari mmoja.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji au redio ya kijamii huna muda wa kusoma mistari yote. Chagua uamuzi mmoja mgumu, eleza swali lililokuwa mezani kwa dakika mbili, kisha soma wabunge wote wa mkoa kwa kufuata alfabeti, kwa sauti ileile, bila kuongeza maoni kati ya jina na jina. Maoni yako yaje mwishoni na useme ni yako.

Jedwali lenyewe lifungue tena kila Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, wakati makadirio ya Ofisi ya Rais yanayobeba fedha za TAKUKURU yanapojadiliwa. Ongeza mstari mpya wa fedha kwa kila mbunge, na nakala moja ya karatasi iache kwenye ofisi ya kijiji au maktaba ya shule ya sekondari ya kata, ili atakayeendeleza asianze upya.